Zamu ya Uboho

Neno lililoniudhi kuliko yote aliyowahi kuniambia mke mwenzangu ni shikamoo.

Alilisema siku ya kwanza tulipoonana, mlangoni kwangu, mtaa wa Bawshar, kwa adabu zote, kichwa kakiinamisha. "Shikamoo dada." Kazaliwa Tabora, wazee wake Waarabu waliokaa bara vizazi vitatu kabla ya kurudi Omani, na huko mtu hukuzwa kwa shikamoo. Sisi tuliotoka Unguja tukikutana hapa Maskati tunapeana salamu aleikum, tunaulizana habari za wazee na za watoto, basi. Najua alikusudia heshima. Lakini mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa, yeye ishirini na sita, na lile neno liliniongezea miaka mingine ishirini pale pale kizingitini. Nikamwitikia marahaba huku nikimtazama vidole kama vina hina mpya. Vilikuwa nayo.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizigo Bandari ya Sultan Qaboos, na mimi nikifundisha sayansi katika shule ya wasichana wadogo. Tulikuwa na binti mmoja, na baada yake mimba zilikataa kukaa. Hakuoa kwa siri. Aliniambia mwenyewe, sebuleni, mchana kweupe, kofia kaivua na kuipakata kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilipomuuliza sababu akasema anataka watoto zaidi. Sababu hiyo haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angalau angesema neno baya ningepata pa kushika.

Mwenzangu akawekwa Mawaleh, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, karibu na soko kuu la mboga na matunda. Ikapangwa zamu: siku tatu kwangu, siku tatu kwake, na Ijumaa kwa kupokezana. Mume wangu ni mtu wa haki, haki yake unaweza kuipima kwa mizani ya dukani. Akinunua kasha la embe la kule, na langu lipo. Nami nilijua kwa yakini kwamba embe zile kazichagua mwenzangu, maana mume wangu tangu nimjue hajui embe mbivu wala mbichi. Zilikuwa embe nzuri. Niliwagawia majirani zote nikabaki na kasha.

Watu huuzungumzia wivu kama homa, eti unapanda na kushuka. Wangu ulikuwa kazi, na niliifanya kwa bidii na kwa ratiba. Kanzu zake zikirudi nilizinusa kola kabla ya kuzitia mashineni. Alipoteleza siku moja akaniuliza kwa nini hatupiki kisamvu cha karanga, nilimpikia mkate wa kumimina wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka akaomba samahani bila ya kujua kakosa nini. Kwenye mlango wa jokofu nilibandika kalenda, siku zangu nikazizungushia wino mwekundu. Shoga yangu mmoja alinipa zawadi ya kanga iliyoandikwa "Mke mwenza, haa, mezea." Niliifanya tambara la kufutia jiko.

Na sheria ya zamu niliishika kuliko kadhi. Mwenzangu akiomba tubadilishane siku kwa sababu mtoto ana homa, nilikataa. Nami sikuomba kitu kwake. Kila mtu na siku zake.

Kuna siku moja, mwaka wa pili wa ndoa yao, ambayo sina budi kuieleza sasa, kwa sababu yote yaliyofuata yanairudia. Mwenzangu alikuwa kajifungua mtoto wa kiume wiki tatu kabla, nami sikwenda kumpongeza. Ilikuwa alasiri, joto la mwezi wa tano, na ilikuwa zamu yake. Nikasikia gari la mume wangu linasimama nje. Kutoka bandarini kwenda Mawaleh ni lazima upite Bawshar, na mara nyingi alikuwa akipita bila ya kusimama, nami nilikuwa nikihesabu na hilo pia. Akaugonga mlango kwa funguo kama kawaida yake. Ndani nilikuwa nimetia komeo.

"Nifungulie," akasema. "Nna kiungulia kinanichoma kifuani. Nipe maji, nipumzike kidogo."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, miguu mitupu juu ya marumaru, na nilichofikiri ni hiki: keshalishwa huko makaranga yao, sasa anakuja kwangu kutafuta dawa.

"Leo si zamu yangu," nikamwambia. "Nenda kwa mwenye zamu akupe maji."

Akasema, "Haya." Nikasikia mlango wa gari unafungwa, na baada ya hapo kimya kirefu kabla injini haijawaka. Zamu yangu ilipofika alikuja kapauka, akasema alikula kitu kikamkataa. Nikampa maji ya ndimu. Hatukulitaja tena, wala sikumwambia mtu.

Ikapita karibu miaka kumi. Mwenzangu akawa na watoto watatu, mimi nikapata mvi na miwani. Binti yangu akaingia chuo kikuu. Siku moja mume wangu akaanguka kazini, katikati ya makontena, akapelekwa hospitali na wenzake wakiwa wamemlaza kiti cha nyuma. Tulifika mimi na mwenzangu kwa pamoja, kila mmoja kwa teksi yake, tukashindana kwa hatua kwenye ukumbi wa hospitali. Mimi nilikuwa na buibui refu, yeye na raba. Akafika mbele.

Daktari wa moyo alikuwa kijana wa Kiomani mwenye Kiswahili cha nyumbani, kile alichojifunza jikoni kwa bibi yake. Alituambia mshipa mmoja wa moyo uliziba, wamekwisha uzibua, lakini sehemu ya msuli ilikosa damu na imekufa. Moyo unapiga, ila unasukuma kwa udhaifu. Msuli wa moyo ukifa hauoti tena kama ngozi inavyoota, unabaki kovu.

Mume wangu alipotoka hospitali alikuwa mtu mwingine. Hatua ishirini, anasimama. Maneno mawili, anapumua. Na hapo ndipo nilipogundua adui niliyekuwa nikiishi naye siku zote bila ya kumjua: ngazi. Nyumba yangu vyumba vya kulala viko juu, ngazi kumi na nne. Nyumba ya Mawaleh haina hata moja. Daktari akasema asipande ngazi. Basi mume wangu akahamia Mawaleh moja kwa moja, zamu zangu na zake zote, na kalenda yangu ya jokofu ikabaki na viduara vyekundu visivyo na mtu.

Nilimtengenezea kitanda chini, katika chumba cha kupokelea wageni wanaume. Alilala humo mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Nnajiona kama mgeni aliyechelewa kuondoka." Asubuhi yake akarudi kule.

Nilikwenda kumtazama kila jioni. Nilimkuta kakaa kwenye baraza, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, mwenzangu chini anamkanda vifundo vilivyovimba. "Shikamoo dada, karibu." Chakula bila chumvi, dawa zimepangwa kwa saa ndani ya visahani vya kahawa. Ilikuwa kazi safi, sikuona kasoro, na nilitafuta. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikizipanda zile ngazi kwa vishindo kama vile zinasikia.

Binti yangu ndiye aliyeleta habari. Alikuwa akisoma kwenye kompyuta za chuo, akaja na karatasi alizochapisha. Kuna seli, alisema, zinaitwa seli shina, zimo ndani ya uboho wa mifupa ya mtu mzima. Ni seli ambazo hazijaamua bado zitakuwa nini. Madaktari wanazichota kwenye mfupa wa nyonga, wanazisafisha, wanazipeleka kwenye moyo ulioumia kwa mrija mwembamba, kwa matumaini ya kuwa zitausaidia ujitengeneze. Tena yule daktari wetu kijana kamwambia kuna bingwa mgeni anakuja Maskati na wenzake kwa majaribio hayo, na baba anaweza kufikiriwa.

Nilisikia neno moja tu. Uboho. Mtoto wa jirani yetu alikuwa na selimundu, akatiwa uboho wa dada yake, akapona, na yule dada mpaka leo kila arusi anakalishwa mbele kama biharusi. Basi katika kichwa changu jambo likawa limekwisha: mtu atatoa uboho wake, utaingia ndani ya moyo wa mume wangu, na utakaa humo. Kazi moja tu imebaki, kujua ni wa nani.

Ndugu zake wote walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Watoto wa mwenzangu wadogo. Binti yangu nilimwondoa mwenyewe, nikasema hajaolewa, asichomwe nyonga. Tukabaki wawili. Mimi mwalimu wa sayansi, niliyewachorea watoto moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na buluu miaka ishirini, sikuuliza swali hata moja ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeliuliza. Nilianza kula maini. Nilikula tende saba kila asubuhi, nikanywa supu ya mifupa mpaka nyumba ikanuka bucha. Nilikuwa na hamsini kasoro, najua, lakini mifupa yangu nilikuwa na imani nayo. Kampa watoto watatu, nikajiambia, mimi nitampa moyo. Tuone sasa nani atasema shikamoo kwa nani.

Nililala vizuri kwa wiki moja kwa fikra hiyo. Halafu siku moja, nikiwa nasahihisha daftari, likanijia swali likanikata mikono. Mwanamke akimnyonyesha mtoto asiye wake, mtoto yule anakuwa wake, na ndoa baina yao inakuwa haramu. Hayo ni maziwa tu, yanayopita tumboni. Je, uboho unaoingia moyoni na kuwa nyama? Si zaidi? Nikimpa uboho, si nitakuwa kama mama yake, au dada yake? Nitakuwa nimemwokoa mume, nimempoteza siku hiyo hiyo, na mwenzangu atamchukua mzima mzima na moyo wangu ndani yake.

Niliweka kalamu. Na kabla sijaiokota nikaliona jambo kwa upande wa pili. Kumbe mwenye kutoa ndiye mwenye kuharimishwa. Basi atoe yeye.

Sioni haya kuandika, maana nimeshazeeka na aibu zangu nimezizoea: jioni ile nilikwenda Mawaleh na halwa. Sijawahi kupeleka halwa Mawaleh. Nikamkalisha mwenzangu jikoni kwake nikamwambia kwa sauti ya asali, "Mdogo wangu, nimefikiri. Wewe kijana, damu yako mbichi, mifupa yako ina nguvu. Mimi nina presha. Utoe wewe."

Macho yakamjaa machozi. "Dada," akasema, "mimi nilikuwa naogopa kukuomba. Nilijua utataka wewe, na ni haki yako, wewe ndiye wa kwanza. Nikasema hata nikiomba hatanipa."

Alinishika mkono akaubusu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha mbaya, ile ya mtu aliyeuza gari bovu.

Lakini furaha mbaya haina usingizi. Siku ya pili nikampigia simu mwalimu wetu wa darsa, mama anayetusomesha Qurani siku za Jumatatu, mwanamke mkavu asiyependa upuuzi. Nikamuuliza kwa kuzunguka, nikamwambia kuna shoga yangu. Akaniacha nimalize.

"Hebu mwambie shoga yako," akasema, "maziwa yanaharimisha kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mumewe ana umri gani?"

"Hamsini na sita."

"Basi kanyonya kachelewa. Na watu wangapi wanatiwa damu hospitali, kila siku? Wamekuwa ndugu na nani? Mwambie awache kujitafutia mashaka amwombee mumewe." Nilipotaka kukata simu akaongeza, "Ila ulizeni hizo seli zinatoka wapi. Zisiwe za vitoto vya matumboni."

Nikamwambia ni za mtu mzima. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

Kwa hiyo nikawa nimempa mwenzangu kwa mikono yangu, kwa halwa na sahani juu yake, kitu nilichokitaka kuliko vyote, na nimempa bure. Siku tatu sikula. Ya nne nikajikaza. Siku ya miadi na daktari tulikwenda sote: mume wangu kwenye kiti cha magurudumu, mwenzangu kulia, mimi kushoto, binti yangu nyuma anasukuma. Kabla daktari hajakaa vizuri nikasema, "Daktari, nimebadili nia. Uboho natoa mie. Mwenzangu ana watoto wadogo."

Mwenzangu akageuka. "Dada, si ulisema mimi?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

"Lakini mimi nimeshafunga siku mbili. Nimeshanuia."

"Nia haina mifupa, mdogo wangu."

Mume wangu alikuwa anatazama dari. Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine, na naona alikuwa akipigana na mdomo wake. Akasema taratibu, "Bi mkubwa. Na wewe, bi mdogo. Hakuna anayetakiwa kutoa kitu. Uboho unatoka kwake mwenyewe. Tunauchukua kwenye nyonga yake asubuhi, unakwenda maabara, jioni tunaurudisha kwake moyoni. Wa mtu mwingine mwili wake ungeukataa."

"Wake mwenyewe?" nikauliza.

"Wake mwenyewe. Na nisiwadanganye, hili bado ni jaribio. Huenda likamsaidia, huenda lisimsaidie. Ahadi sina."

Binti yangu nyuma alikuwa kajifunika uso kwa mtandio. "Mama," akasema chini chini, "karatasi zote zimeandika hivyo." Mume wangu akateremsha macho kutoka darini, akasema kwa ile sauti yake iliyokatika, "Mmenigombania mifupa ambayo ni yangu." Akacheka mpaka akakohoa, mwenzangu akampa maji.

Ningependa kusema niliona haya. Nilihisi nimeibiwa. Hata kuliwa na wivu kunahitaji mtu wa kumwonea, na sasa mshindani wangu alikuwa nyonga ya mume wangu.

Daktari akawasha kioo kutuonyesha picha ya moyo, ili mgonjwa aelewe wataelekeza wapi. Ulikuwa unatikisika kama samaki mkubwa ndani ya maji machafu. Akaelekeza kwa kalamu. "Hapa mbele ndipo palipokufa mwaka huu. Mnaona, panabaki nyuma wakati kwengine panajikunja. Na hapa chini," akaisogeza kalamu, "pana kovu jengine. Hili la zamani sana. Alipata shambulio dogo miaka mingi nyuma, halikutibiwa. Mara nyingi mtu hudhani ni kiungulia."

Chumba kile kilikuwa na kiyoyozi kikali, na mimi nilitoka jasho. "Unakumbuka kitu, babu?" daktari akamuuliza mume wangu, kwa heshima tu, maana hakuwa babu wa mtu.

Mume wangu akasema, "Mtu anasahau."

Hakunitazama. Nilimtazama mimi, muda mrefu, na hakunitazama.

Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuwa anaficha maradhi, na nilijua anachokificha.

Siku ya kazi yenyewe ilikuwa Jumanne. Asubuhi walimchoma nyonga. Tulimwona akipitishwa, kalala ubavu, akasema inamuuma kidogo kuliko kuvua kiatu kilichombana. Mchana uboho wake ukawa maabara, na alasiri wakampeleka ndani. Binti yangu alikuwa na mtihani, akasema atakuja baadaye. Tukabaki wawili kwenye viti vya plastiki vilivyofungamanishwa, mmoja akitikisa mguu na mwengine anatikisika. Niseme hapa kwa asiyependa kungoja: alitoka salama. Miezi sita baadaye alizipanda ngazi zangu kumi na nne, akipumzika kwenye ya saba, na mpaka leo anakwenda msikitini kwa miguu yake. Daktari anasema huenda ni seli, huenda ni dawa, huenda ni yote mawili, hajui, na mimi nampenda kwa kusema hajui. Lakini alasiri ile hatukuwa tunajua lolote.

Mwenzangu alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Akamimina kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza. Uso wake ulikuwa umevimba, na nilidhani ni kwa ajili ya yanayotendeka mle ndani.

"Dada," akasema, "nina jambo. Nimekaa nalo tangu siku ile ya picha, silali."

"Sema."

"Lile kovu la zamani ni langu mimi." Alikuwa akikishika kizibo cha chupa kwa mikono yote miwili. "Naikumbuka ile siku. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na wiki tatu. Baba yao alikuja kaloa jasho, kanzu imemganda, anasema kiungulia. Mimi nilikuwa mjinga, dada. Nikampa magadi kwenye maji, nikamkanda mgongo, nikamwambia lala. Alilala mpaka usiku. Ningempeleka hospitali siku ile, leo asingekuwa mle ndani. Tena alipita kwako kwanza. Nilimuuliza kwa nini hukusimama kwa dada, ni karibu, angejua la kufanya, yeye mwalimu. Akasema, 'Nimepita, nimekuta katoka.' Nikasema laiti dada angekuwepo." Akaanza kulia bila ya sauti. "Nakuomba unisamehe. Nimekuharibia mume."

Miaka kumi nilikuwa nikitafuta kitu ambacho kinanifanya mimi kuwa juu yake. Nilikitafuta kwenye embe, kwenye kola za kanzu, mpaka ndani ya mifupa yangu. Sasa alikuwa akiniletea mwenyewe, kwa machozi, pamoja na chai. Sikuwa na haja ya kufanya lolote ila kupokea.

"Nimekusamehe," nikamwambia.

Akaubusu mkono wangu. Ulikuwa mkono ule ule uliotia komeo.

Baada ya muda muuguzi akatoka, akasema kazi imekwisha, mgonjwa yuko macho, anaweza kuingia mtu mmoja kwa dakika chache. Mmoja wa wake zake, alisema, naye alitutazama akingoja tugombane, naona habari zetu zilikuwa zimeshafika. Mwenzangu akanisukuma kwa upole begani. "Nenda wewe, dada. Wewe ndiye mwenye haki."

Nikaenda. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, wa kwanza kuingia, peke yangu, na yeye mwenyewe kanipa njia. Mume wangu alikuwa amelala chali chini ya taa nyeupe, paja limefungwa, midomo imemkauka. Mashine inapiga. Nikachovya pamba kwenye maji nikamlowesha midomo, kwa sababu kunywa alikuwa bado hajaruhusiwa. Akafungua macho.

"Siku ile ya kiungulia," nikamwambia. Nilikuwa sijapanga kusema. "Mwenzangu ulimwambia umenikuta nimetoka. Kwa nini hukumwambia kuwa nilikuwepo?"

Alifikiri kwa muda mrefu, au dawa zilikuwa zinamrudisha nyuma. Halafu akaniuliza, bila ya ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Kwani ulikuwepo?"

Akafumba macho akalala. Nikaiweka pamba kwenye kisahani. Nikatoka.

Mwenzangu aliinuka aliponiona, chupa ya chai mkononi, uso wake wote unauliza. Nikamwambia yu salama, kalala. Akataka kuniamkia, kunishukuru, sijui nini, akafungua mdomo kwa lile neno lake. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikakaa karibu yake.

"Usiniamkie," nikamwambia. "Siku ile nilikuwa ndani."